Kitabu si vernisaji: tulichosahau kujifunza kwa maboyi wa Elisabethville



Leo nataka tuongee juu ya vitabu vyetu. Si riwaya, si mashairi. Ni vile vitabu vya kueleza mambo ya kweli: historia, uchumi, sheria, maisha ya watu. Njo vile siye wasomi tunaandika sana, mara nyingi kwa kupanua memwari ya L2. Na njo vile vinakufa mbio kuliko vyote. Watu wanasema vinakufa juu Wakongomani hawasomi. Mimi pia nilisema vile miaka mingi. Sasa nafikiri tunawasingizia Wakongomani bure.

Munajua vernisaji inavyokwenda. Ukumbi wa parokia ao wa hoteli ndogo. Meza yenye kitambaa cheupe, vitabu vimepangwa kama matofali, utepe juu yake. Profesa mmoja anasoma karatasi ya dakika 40 kuonyesha kwamba kazi ni ya kisayansi. Baba wa ubatizo anamwaga shampanye kidogo juu ya jalada, anasema "nakibatiza", watu wanapiga makofi. Kisha mwandishi anaweka sahihi, picha zinapigwa, samusa zinapita. Usiku ule ule picha ziko ku Facebook. Kesho yake hakuna mtu anayekitaja tena. Tumekibatiza na kukizika siku moja.

Sisemi hivi ili kucheka mtu. Mimi mwenyewe nilifanya vile.

Memwari yangu ilikuwa juu ya biashara ya makala mu Lubumbashi. (Kwa wasomaji wa mbali: huku kwetu makala ni yale ya kupikia bukari, si haya ninayoandika hapa.) Nyumba nyingi za mji zinapika kwa makala yanayotoka mu mapori ya miombo. Yanaingia kwa velo na kwa kamyo, barabara ya Kasenga, ya Likasi, ya Kipushi. Mama yangu anayauza kwa mafungu kando ya barabara tangu nikiwa mtoto, na makala yale njo yalilipa masomo yangu. Kwa hiyo habari ile niliijua, ao nilifikiri ninaijua.

Nilitetea vizuri. Direkta wa memwari akaniambia: "Hii kazi usiiache ilale mu biblioteki, fanya nayo kitabu." Nilisikia neno kitabu, nikaanza kutafuta feza. Oneni kosa la kwanza: sikuanza na swali, sikuanza na msomaji, nilianza na feza. Dola 1000 za kuchapa vitabu 200, dola 350 za ukumbi, vinywaji na bango. Mama alitoa dola 300, zamu yake ya likelemba.

Siku ya vernisaji niliuza 58. Ndani yake 20 vilinunuliwa na baba wa ubatizo, ambaye aliondoka na viwili na kuacha 18 juu ya meza. Kwa miaka minne iliyofuata niliuza 11. Niligawa 40 kwa maprofesa, wakubwa na wajomba. Vilivyobaki ni 91, na ukiongeza vile 18 ambavyo mwenyewe hakuvirudia hata leo, ni 109. Viko mu karto tatu, chini ya kitanda cha mdogo wangu.

Nilipoanza kujiuliza kilichonipata, sikupata jibu mu vitabu vinavyofundisha kuandika vitabu. Nililipata kwa maboyi.

Mwaka 1965, mji wetu ukiwa bado unaitwa Elisabethville (jina Lubumbashi lilikuja 1966), chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani kwa wazungu kilitoa andiko. Aliyelikusanya anaitwa André Yav. Kichwa chake ni "Vocabulaire de ville de Elisabethville". Usidanganyike na neno la kwanza: si kamusi. Ni historia ya mji, kurasa chache za mashine ya kuandika, kwa Kiswahili cha hapa hapa, kile tunaongea sokoni na nyumbani.

Kama mkosoaji, nianze na pale andiko lile linatushinda siye wenye diploma: mpango. Kitabu cha mambo ya kweli kinahitaji majibu matatu mbele ya ukurasa wa kwanza. Ni swali gani? Ni nani anayesema, na alijuaje? Anasema na nani? Maboyi walikuwa na yote matatu. Swali lao: mji huu ulikuwaje tangu mwanzo, na siye tuliishi namna gani ndani yake? Aliyesema: watu waliopika, waliofua, waliolea watoto wa mabwana, walioona ndani ya nyumba ambamo mwanahistoria hakuingia. Na msomaji wao: wenzao na watoto wao. Lugha ilifuata kutoka kwa msomaji. Hawakuhitaji kujadili kama Kifaransa kina heshima zaidi. Walikuwa wanaongea na watu wao.

Na walikuwa chama. Hilo tunalipita haraka, lakini ni kubwa. Kitabu chao hakikuwa cha mtu mmoja anayetafuta jina. Kulikuwa na kundi lililosema: hii ni habari yetu, Yav tuandikie. Siye tunaita chama siku ya vernisaji, kuja kupiga makofi. Wao waliita chama siku ya kwanza.

Sasa makosa yake, juu mapenzi yasiyoona makosa si ukosoaji. Andiko linaruka kutoka wakati mmoja hadi mwingine bila kumshika msomaji mkono. Maneno mara nyingi yameandikwa bila kutenganishwa vizuri, hata jicho linachoka. Kuna habari za batumbula, wale watu walioaminiwa kukamata Waafrika usiku kwa ajili ya wazungu, na habari hizo huwezi kuzichukua kama unavyochukua hesabu ya sensa. Zinakufundisha hofu ya watu ilikuwaje, na hilo ni jambo la kweli pia, lakini lazima msomaji aambiwe ni ukweli wa namna gani anaoshika. Mhariri mzuri angewasaidia. Hawakuwa naye.

Pigo kubwa zaidi lilikuwa usambazaji. Andiko la maboyi halikuingia mu duka la vitabu. Lilikuja kuwa kitabu cha kujulikana duniani mwaka 1990, kule Amsterdam, kwa nyumba ya uchapishaji ya John Benjamins. Aliyefanya kazi ile ni Johannes Fabian, mwanaantropolojia aliyewahi kufundisha hapa Lubumbashi miaka ya 1970. Alisaidiwa na Kalundi Mango, na Walter Schicho aliandika maelezo ya lugha. Kitabu kinaitwa "History from Below", yaani historia inayotoka chini. Kina andiko lenyewe jinsi lilivyo, kisha tafsiri ya Kiingereza na maelezo marefu.

Kazi ile ni nzuri sana, na bila yao pengine tusingekuwa na kitu mkononi. Lakini angalia njia yake: boyi wa Elisabethville anaandika kwa ajili ya mtoto wake kwa Kiswahili, na miaka 25 baadaye anasomwa na wanafunzi wa Ulaya kwa Kiingereza, mu kitabu cha bei ya biblioteki za vyuo vikuu. Msomaji aliyechaguliwa mwanzo akapotea njiani. Baadaye andiko liliwekwa kwenye intaneti bure, kila mwenye telefoni anaweza kulisoma leo. Mimi nilimaliza miaka mitano ya chuo kikuu mu mji huu huu, nikaandika memwari juu ya mji huu huu, na hakuna aliyenitajia jina la Yav. Mimi pia sikuuliza.

Kuna kitu kimoja mu kazi ya Fabian ambacho hakikunitoka kichwani. Andiko lilikuwa gumu kusomeka kwa macho. Ili kulielewa, Kalundi Mango alilisoma kwa sauti, na sauti ikanaswa. Maneno yaliyoshikana kwenye karatasi yaliachana mdomoni. Kitabu kilihitaji mtu wa lugha ile akisome kwa sauti njo kieleweke. Nitarudi hapo.

Mbele ya kurudi, nichukue vitabu viwili vingine, juu kuna atakayesema: "Yaya, maboyi ni mfano wa huruma tu. Tuonyeshe kitabu kilichouza."

Jules Marchal alikuwa Mbelgiji. Alifanya kazi ya utawala Kongo wakati wa ukoloni, baadaye akawa balozi wa nchi yake Afrika Magharibi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliona gazeti la Liberia likitaja mamilioni ya Wakongomani waliokufa chini ya Leopold II. Alishtuka, akataka kulipinga. Alipoanza kuchunguza, alikuta kwamba gazeti halikuwa limedanganya kama alivyofikiri. Akatumia miaka mingi mu nyaraka. Kuanzia 1985 akatoa vitabu vinene, kwa Kiholanzi, kwa jina la kuazima, A.M. Delathuy, juu alikuwa bado mfanyakazi wa serikali. Utafiti wake ulikuwa mzito kuliko wa karibu wote waliomtangulia. Waliomsoma walikuwa wachache. Mwaka 1996 vikaanza kutoka kwa Kifaransa kwa L'Harmattan, na bado kelele ilikuwa ndogo.

Mwaka 1998 Mmarekani Adam Hochschild akatoa "King Leopold's Ghost". Habari ni ile ile. Hochschild mwenyewe anakubali deni lake kwa Marchal na anasimulia habari zake mwishoni mwa kitabu. Lakini kitabu hiki kiliuzwa kwa mamia ya maelfu na kutafsiriwa mu lugha nyingi. Hata Ubelgiji kiliwalazimisha watu kuongea upya juu ya Leopold.

Tofauti ilikuwa nini? Wengine watasema Marekani, Kiingereza, feza. Ni kweli, sikatai. Lakini kumbukeni: Hochschild alipopeleka mpango wa kitabu kwa nyumba kumi za uchapishaji za Marekani, tisa zilikataa. Kongo ilikuwa mbali sana, waliona hakuna atakayenunua. Kwa hiyo mlango haukuwa wazi kwake pia. Kilichomsaidia ni kwamba alikuwa ameshajua anasimulia nini na kwa nani. Alichukua watu: mfalme anayetaka koloni, mkarani wa meli Morel anayeona bandarini kwamba meli zinaleta mpira na kurudi na bunduki, konseli Casement anayesafiri mtoni kuandika ripoti, wamarekani weusi Williams na Sheppard walioona mapema na kusema. Msomaji asiyejua Kongo iko wapi anaweza kuwafuata watu wale. Marchal aliandika kwa ajili ya ukweli. Hochschild aliandika ukweli ule ule kwa ajili ya mtu fulani anayeketi kwenye kiti na anayeweza kufunga kitabu wakati wowote.

Nyumba za uchapishaji za kweli zinaomba mpango ule mbele ya kitabu chenyewe: swali kwa maneno machache, sura moja moja, nani atasoma, vitabu gani vinafanana na hiki na hiki kinaongeza nini, kwa nini wewe njo uandike. Zile nyumba fulani za mbali zinazotutumia barua pepe wiki moja baada ya kutetea, zikisifu memwari ambayo hazijaisoma, haziulizi hata swali moja kati ya haya. Zinachukua faili yako jinsi ilivyo, na makosa yako ya jedwali, zinaiwekea bei ambayo hakuna mwanafunzi wa Kongo anaweza kulipa. Nyumba isiyokuuliza swali haina haja ya msomaji. Ina haja ya faili.

Na Hochschild naye ana shimo lake, analisema mwenyewe mwanzoni: sauti tunazosikia mu habari ile ni karibu zote za wazungu, juu njo walioandika. Wakongomani waliokatwa mikono hawakuacha vitabu. Pale njo thamani ya kurasa za Yav inaonekana, hata kama zinasimulia nyakati za baadaye na mji mwingine. Mmoja alikuwa na msomaji lakini alikosa sauti. Mwingine alikuwa na sauti lakini msomaji hakufikiwa. Siye wasomi wa hapa tungeweza kuwa na vyote viwili, na tunatoa vitabu visivyo na kimoja.

Niongeze kidogo juu ya kutangaza, maana tunafikiri kutangaza ni bango. David Van Reybrouck, Mflemishi, alitoa "Congo. Een geschiedenis" mwaka 2010, mwaka ule ule Kongo ilitimiza miaka 50 ya uhuru. Magazeti ya Ubelgiji yangeongea juu ya Kongo mwaka ule kwa vyovyote, na kitabu kilikuwa tayari pale maongezi yanaanza. Kilipata zawadi ya AKO mwaka ule, na tafsiri ya Kifaransa ya Actes Sud ikapata Médicis ya insha mwaka 2012. Tarehe ya kutoka ilikuwa sehemu ya mpango tangu mwanzo. Mimi tarehe yangu niliichagua juu ukumbi wa parokia ulikuwa huru siku ile.

Sasa turudi kwa sauti.

Baada ya kusoma habari za Kalundi Mango, nilikwenda kwa mama jioni moja, anahesabu mafungu yaliyobaki. Nikamwambia nataka kumsomea kitabu.

"Kile cha mu karto?"

"Njo kile, mama."

"Ni miaka mine sasa. Nilisema labda hutaki nisikie."

Nikaketi juu ya kidumu, nikaanza kusoma Kifaransa na kugeuza mu Kiswahili papo hapo. Sura ya kwanza, nadharia za wataalamu watano wa Ulaya. Mama alingoja kwa heshima, kisha akauliza: "Hapa unaongea na nani?" Nikamwambia ni kwa ajili ya maprofesa. "Aa. Basi uruke, wao wamesha kusoma."

Sura ya pili, bei. Nilikuwa na jedwali zuri, bei ya gunia kwa miezi 12. Akanisimamisha: "Hii gunia unaandika, iko ya velo ao ya kamyo?" Nikanyamaza. Gunia la velo linajazwa mpaka linafungwa kofia ya majani juu. La kamyo ni jingine, na siku za mvua ni jingine tena. Mimi nilikuwa nimejumlisha magunia ya namna tatu na kutafuta wastani kama ni kitu kimoja. Kisha: "Na vumbi? Chini ya gunia kuko vumbi, ile hatuuzishe." Sikuwa nimehesabu vumbi. Faida ya wauzaji mu kitabu changu ilikuwa kubwa kuliko faida yao ya kweli. Waamuzi wangu hawakuliona, juu hakuna kati yao aliyewahi kununua gunia zima na kulimwaga chini.

Ningefunga kitabu pale. Lakini alisema niendelee mpaka mwisho, na mwisho ni sura ya mapendekezo. Munajua sura ile tunavyoiandika, usiku, tumechoka, kila memwari lazima iwe nayo. Nilikuwa nimependekeza kwa viongozi wa mji waondoe wauzaji wa mafungu kando ya barabara na kuweka biashara yote mu fasi moja, ili kodi ikusanywe vizuri. Niligeuza mu Kiswahili sentensi ile polepole. Hakuna namna ya kuigeuza ikawa tamu.

Mama akasema: "Sasa mie njo nilitosha feza ya likelemba juu banifukuze?"

Nikajibu haraka, jibu la mjinga: "Hapana mama, ni mapendekezo tu. Hakuna mtu atasoma."

"Kama hakuna mtu atasoma, uliandikia nini?"

Sikulala vizuri usiku ule. Nilitambua kwamba miaka minne nilikuwa nalalamika hawanisomi, na wakati ule ule nilikuwa nimeandika kitabu ambacho kinaweza kusimama tu kama watu waliomo ndani yake hawatakisoma. Kifaransa hakikuwa lugha ya kufikia wakubwa, maana wakubwa nao walikiacha juu ya meza. Kilikuwa ukuta. Nyuma ya ukuta ule nilikuwa salama na jedwali langu.

Hapa njo ninaona ugonjwa wa vitabu vyetu vingi vya vernisaji. Si kwamba Wakongomani hawasomi. Ni kwamba tunaandika juu ya wakulima, wachimbaji wa kresere, mama wa soko, motari, na tunapanga kila kitu ili wasifikie ukurasa. Lugha, bei, ukumbi, hata saa ya vernisaji, saa kumi ya siku ya kazi, wakati mama yuko kwenye makala yake. Yav na wenzake hawangeweza kuandika uongo juu ya maisha ya boyi, maana msomaji wao wa kwanza alikuwa boyi.

Kuna watakaonijibu mambo mawili, na yote yana uzito. La kwanza: asistenti anahitaji machapisho kwa Kifaransa ili apande cheo. Ni kweli. Basi aandike makala ya kisayansi mu gazeti la kisayansi, pale wenzake wa fani watamhukumu. Kitabu ni kazi nyingine, tusikitumie kama karatasi ya kuombea cheo na kisha kuwalaumu watu hawakukinunua. La pili: si kila kitabu kiwe cha Kiswahili. Nakubali pia. Kitabu juu ya sheria ya mines kwa maavoka kiwe cha Kifaransa, vizuri kabisa. Marchal alikwama kwa Kiholanzi, Van Reybrouck alianza na Kiholanzi kile kile akaenda mbali. Lugha peke yake haiui kitabu. Kinachokiua ni kutochagua.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa yule anayetaka kugeuza memwari kuwa kitabu mwaka huu. Mbele ya kutafuta feza, mbele ya jalada, mbele ya kumtafuta baba wa ubatizo, chukua sura moja, umsomee kwa sauti mtu ambaye sura ile inaongea juu yake. Kwa lugha yake. Kama ni kitabu juu ya motari, keti parkingi. Kama ni juu ya walimu wasiolipwa, nenda shuleni wakati wa mapumziko. Atakuonyesha mambo matatu bila malipo: pale umekosea, pale unachosha, na kama kuna mtu anahitaji kitabu chenyewe. Nambari ya ISBN, dipo legali, mhariri, mchapaji, redio, vyote ni vya lazima na vina wakati wake. Lakini vinafuata.

Na kutangaza kunaanza pale pale. Mtu aliyekusahihisha sura ya pili atauliza kitabu kimefika wapi. Atamwambia mwenzake. Siku ya vernisaji, kama bado unaitaka, atakuja, na hatakuja kwa samusa.

Mimi nimeanza upya. Jumamosi mchana, mama na wenzake sita wanaketi nyuma ya magunia na ninasoma. Kitabu kimepungua kutoka kurasa 148 hadi 60 hivi. Kiko mu Kiswahili chetu. Nadharia za wataalamu watano zimekuwa aya mbili. Magunia yamekuwa matatu, kila moja na jina lake, na vumbi limehesabiwa. Sura ya mapendekezo nimeifuta, na wale mama wananiambia yao: ushuru unaochukuliwa mara mbili kwa siku moja, na fasi ya kuweka makala wakati wa mvua. Nitachapa 50 tu kwanza, kwa bei ambayo mama wa makala anaweza kulipa.

Bado hatujamaliza. Ukurasa wa 41 tunabishana: mimi nina hesabu ya faida ya mwezi wa mvua, mama anasema hesabu ile si yake. Jumamosi ijayo ataleta daftari lake.